Jinsi ya kulisoma tamko la serikali kipindi cha mlipuko, hata kama sayansi uliiacha kidato cha pili

Januari 2025 grupu letu la familia liliwaka moto. Shangazi yangu anaishi Muleba, kule Kagera, akatuma skrinishoti mbili zimeongozana, ya kwanza Shirika la Afya Duniani WHO wanasema kuna wahisiwa wa Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, mkoani Kagera na wengine wameshafariki, ya pili Wizara ya Afya inasema sampuli zimepimwa na majibu yote yametoka hasi. Chini yake akaandika "sasa wanangu, nani muongo hapa?"

Watu wakagawanyika palepale. Kaka yangu akasema wazungu hawa wanatutafutia sababu, binamu akasema serikali inaficha kama kipindi kile cha korona, na mjomba mmoja kama kawaida yake akatuma voisi noti ya dakika sita kuhusu tangawizi. Mi nikakaa kimya kwanza, nikazisoma zile skrinishoti mara tatu, ndo nikaona wale wawili wala hawakuwa wanabishana. Mmoja kasema "wahisiwa", mwingine kasema "majibu ya maabara hadi kufikia tarehe 15". Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Siku tano baadae, tarehe 20, Rais Samia akiwa Dodoma na Dk Tedros wa WHO akatangaza kwamba sampuli moja iliyopimwa maabara ya Kabaile kule Kagera imethibitika Marburg, nyingine 25 zimetoka hasi. Mlipuko ulipokuja kutangazwa umeisha, tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wawili waliothibitika na wanane wa yumkini, na wote kumi walifariki.

Tangu siku ile shangazi akipata tamko lolote ananitumia mimi kwanza, kwahiyo nimeona niandike hapa ninavyofanya ili na we uwasaidie wa kwenu. Mi sio daktari. Ni mtu tu ambae nimesoma matamko mengi mno kuanzia 2020, mengine nayajua mpaka yanavyoanza.

Anza na neno lililotumika na tarehe, hofu weka pembeni

Kwenye tamko lolote la ugonjwa kuna ngazi tatu za watu na ukizichanganya umekwisha. Kuna mhisiwa, huyu ana dalili zinazofanana na ugonjwa, basi, anaweza kuwa na malaria kali tu. Kuna wa yumkini, huyu mara nyingi ameshafariki na kuzikwa kabla ya kupimwa lakini alikaa karibu na mgonjwa na dalili zilikuwa zilezile. Alafu kuna aliyethibitika, huyu maabara imesema ndio. Wale wanane wa yumkini wa Kagera hawakuhesabiwa kwa kukisia, ni watu ambao hakuna tena sampuli ya kuchukua, ila ukifuata nani alimuuguza nani na nani aliosha maiti ya nani unakuta kamba ni moja.

Tarehe nayo usiiruke. "Hadi kufikia tarehe 15 majibu ni hasi" maana yake ndo hiyohiyo, hadi tarehe 15. Na hasi ya maabara sio sawa na "hakuna ugonjwa". Kwa magonjwa ya jamii ya Ebola na Marburg mtu akipimwa mapema sana, siku moja mbili baada ya homa kuanza, kirusi kinaweza kuwa bado kidogo kwenye damu na kipimo kisikione, ndo maana mwongozo wa Ebola unataka kama sampuli ilichukuliwa kabla ya masaa 72 tangu dalili zianze basi irudiwe. Sasa we ukisoma "hasi" jiulize ilichukuliwa lini, na kwa nani, maana unaweza ukapima watu ishirini ambao sio wenyewe ukapata hasi ishirini.

Kinachoniudhi mimi kwenye matamko ya namna ile sio majibu kutoka hasi, maabara inasema inachokiona. Kinachoniudhi ni tamko kusomwa redioni kama vile mlango umefungwa na ufunguo umetupwa ziwani, wakati neno "hadi kufikia" limo mulemule ndani na hakuna aliyelitilia mkazo.

Tenganisha aliyepima, aliyeshauri na aliyeamua

Hapa ndo penye shughuli yenyewe na ndo watu wengi wanapopotea, maana kiongozi yoyote akisimama kwenye maiki atakwambia "tunafuata sayansi". Sayansi haitoi amri jamani. Sayansi inakwambia ukifanya hiki, kwa kadiri tunavyojua leo, kitatokea kile, kwa uhakika wa kiasi hiki. Kufunga shule, kufunga mipaka, kuzuia mazishi, hayo anaamua mtu, na anaamua akiangalia na mambo mengine: hela, uchaguzi, njaa, wafanyabiashara wanampigia simu, vyote. Na sio vibaya aviangalie, ndo kazi yake, ila aseme.

Mfano mzuri mpaka leo ni shule. Machi 2020 Tanzania, Kenya na Uganda zote zilifunga shule ndani ya wiki moja hivi. Kirusi kilekile, watoto walewale, na taarifa zilizokuwa zinatoka duniani ni zilezile kila mtu anazisoma: watoto wanaumwa kwa nadra kuliko wazee, lakini haikujulikana vizuri wanaambukiza kiasi gani nyumbani. Sasa angalia kilichofuata. Tanzania kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni 2020 na wengine wote tarehe 29 Juni. Kenya walirudisha madarasa machache Oktoba, wote wakarudi Januari 2021. Uganda walifungua kidogokidogo, wakafunga tena Juni 2021, na shule zote zikaja kufunguka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani ilifunga muda mrefu hivyo.

Ushahidi ulikuwa mmoja na maamuzi yakawa matatu. Kwahiyo mtu akikwambia "sayansi ndo ilifunga shule" mwambie hapana, sayansi ilikuwa mezani, waliofunga wana majina. Tofauti ilikuwa kila nchi iliweka uzito kwenye nini: hofu ya bibi nyumbani kuambukizwa, au binti wa kidato cha pili ambae akikaa nyumbani miaka miwili harudi tena darasani. Hiyo mizani maabara haina. Na ukiniuliza mimi, Uganda walichelewa sana, ila sikatai kwamba mwezi wa Machi 2020 hata mimi ningefunga.

Kwahiyo ukisoma tamko chukua kalamu, kabisa, au kidole kwenye simu, utafute sentensi tatu: ipi inasema tulichopima, ipi inasema wataalam wamependekeza nini, na ipi inasema serikali imeamua nini. Ukikuta ya tatu tu bila mbili za mwanzo, hapo una haki ya kuuliza. Ukikuta "wataalam" lakini hawana jina, hawana taasisi, hawana ripoti, nayo uiwekee alama ya kuuliza.

Ulinganishe na kilichofanyika 2021. Rais Samia alipoingia madarakani, Aprili akasema ataunda kamati ya wataalam ya korona, ikaundwa, mwenyekiti Profesa Said Aboud wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na tarehe 17 Mei wakakabidhi ripoti, ndani wakapendekeza takwimu zitolewe na nchi ijiunge na mpango wa chanjo wa COVAX. Tarehe 24 Julai dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Janssen zikashuka Dar es Salaam, tarehe 28 Rais mwenyewe akachomwa mbele ya kamera. Kutoka karatasi mpaka kwenye bega ni kama wiki kumi. Unaweza kusema walichelewa, unaweza kusema waliwahi, lakini angalau mstari unauona: hawa walishauri, huyu akaamua, hiki kikafanyika.

Kilichohesabiwa sio kilichopo

Hii nairudia kila mara kwa sababu kila mara inasahaulika. Mwisho wa Mei 2020 Kenya ilikuwa imethibitisha wagonjwa wa korona kama elfu mbili hivi. Kipindi hichohicho watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Wellcome kule Kilifi walikuwa wanachukua damu iliyochangwa benki za damu, zaidi ya chupa elfu tatu, wanatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili ulishakutana na kirusi. Wakakadiria kitaifa ni asilimia 4.3, na Mombasa ilifika kama asilimia 8. Kenya wakati huo ilikuwa na watu karibia milioni 50, hebu chukua hata watu wazima peke yao upige hesabu mwenyewe, utaona ile elfu mbili ilikuwa tone kwenye pipa.

Tamko lingeweza kuitumia namba ile kwa njia mbili na zote ni halali. Mmoja angesema "mnaona, umesambaa kuliko tulivyodhani, kazeni amri". Mwingine angesema "mnaona, wengi wamepata na hawakufa wala hawakujua, legezeni". Damu ni ileile. Ndo maana nasema namba haiongei peke yake, kuna mtu ameikalia nyuma anaiongelesha. Na kumbuka pia wanaochangia damu sio wananchi wote, hakuna bibi wa miaka 75 pale wala mtoto, ni watu wazima wenye afya, watafiti wenyewe walilisema hilo na kulirekebisha kwenye hesabu. Mtafiti mzuri utamjua kwa namna anavyokwambia udhaifu wa kazi yake kabla hujamuuliza.

Alafu kuna lile la papai. Nalileta kwa sababu kila nikitoa somo hili lazima mtu aniulize. Tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli akiwa Chato alisema walipeleka maabara sampuli za papai na mbuzi zikiwa zimepewa majina ya watu, zikarudi chanya, na oili ya gari ikarudi hasi. Watu walicheka, wengine wakashangilia. Mi nina maoni ambayo pengine hayatampendeza mtu: wazo la kuipima maabara kwa sampuli za mtego sio wazo la kijinga. Maabara zenyewe zinafanyiana hivyo, unatumiwa sampuli ambayo hujui ni nini ili ionekane kama unapatia. Tatizo ni hatua inayofuata. Sampuli ya papai ikija chanya kuna maelezo kibao, chombo kilichafuka, lebo zimechanganyika, vitendanishi vibovu, aliyepima kakosea, na njia ya kujua ni ipi ni kurudia, kugawa sampuli moja nusu ipimwe hapa na nusu maabara nyingine, alafu unatangaza ulichokuta. Badala yake namba ndo zikaacha kutolewa. Zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa palepale zaidi ya mwaka mzima, wakati huo sisi huku mitaani tunapiga nyungu na kuzika.

Kwahiyo kipimo kikitiliwa shaka, uliza: wamepima tena, au wameacha kupima? Hilo swali moja linatosha.

Kwenye dawa, uliza "kati ya wangapi" na "wangapi wa upande wa pili"

Juni 2020 Waingereza walitoa majibu ya jaribio lao kubwa linaitwa RECOVERY, kuhusu deksamethasoni. Hii dawa tunaijua, ni ya bei rahisi, wapo hata wanaoimeza ili wanenepe, kosa kubwa hilo. Walichofanya ni kuwagawa wagonjwa wa korona kwa bahati nasibu, kama 2,100 wakapewa dawa na kama 4,300 wakapewa matibabu ya kawaida tu. Sasa sikiliza vizuri. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kati ya kila 100 ambao hawakupewa walifariki 41, kati ya 100 waliopewa walifariki 29. Watu 12 wamebaki hai kwa dawa ya bei ya soda. Uingereza waliipitisha itumike siku ileile majibu yalipotoka.

Lakini kulikuwa na kundi jingine la wagonjwa ambalo habari yake haikufika kwenye grupu la WhatsApp: wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa. Kwa hao dawa haikusaidia, na namba zilielekea upande mbaya kidogo. Sasa huku kwetu ikafika kama "dawa ya korona imepatikana, nunueni deksa muweke ndani". Ushahidi ulikuwa mzuri, sera ya kule ilikuwa nzuri, kilichovunjika ni sentensi moja iliyodondoka njiani.

Linganisha na kile kinywaji cha Madagaska, Covid-Organics, cha mmea wa pakanga. Rais Rajoelina alikizindua Aprili 2020 akanywa mbele ya watu, na Mei sisi tukatuma ndege ikakifuate. Mi sina ugomvi na miti shamba, dawa ya malaria tunayotumia leo imetoka kwenye mmea huohuo. Ila hapakuwa na lile kundi la pili la kulinganishia. Ukinywa kitu na ukapona ugonjwa ambao watu wengi wanapona wenyewe, hujui umeponywa na kipi.

Na usidhani wazungu hawaumbuki. Tarehe 22 Mei 2020 jarida kubwa la tiba, Lancet, lilitoa utafiti kwamba hidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa inajaribiwa kwa korona, inaongeza vifo, data zimetoka kwenye kampuni ya Surgisphere. Siku tatu tu baadae WHO wakatangaza kusitisha kwa muda sehemu hiyo ya majaribio yao. Watafiti wengine wakaanza kuuliza maswali, data zenyewe ziko wapi, hospitali zipi hizo, kampuni ikashindwa kuzionyesha, tarehe 4 Juni utafiti ukafutwa. Wiki mbili hazikuisha! Alafu majaribio halisi, yenye bahati nasibu, yakaja kuonyesha ile dawa kweli haisaidii wagonjwa wa hospitali. Yaani jibu la mwisho halikuipendelea dawa, lakini ile karatasi ya kwanza bado ilikuwa takataka. Kuna watu mambo haya mawili hawawezi kuyakalisha kwenye kichwa kimoja.

Wakibadilika usipige kelele kwanza

WHO walianza kwa kutowashauri watu wote kuvaa barakoa, tarehe 5 Juni 2020 wakabadilika wakasema zivaliwe sehemu zenye maambukizi. Kenya hawakusubiri, wao tangu Aprili walikuwa wameshalazimisha, ukipanda matatu bila barakoa unashuka. Ni nani alikuwa sahihi? Kwa ushahidi wa Aprili, Kenya walikuwa wanabeti, ila walikuwa wanabeti kwa kitambaa, na kitambaa kikikosea hasara yake ni ndogo. Kufunga shule miaka miwili ukikosea hasara yake inakaa kwa mtoto. Kwahiyo ukubwa wa ushahidi unaoudai uendane na ukubwa wa kinachochukuliwa kwa watu. Barakoa, ndoo ya maji ya kunawa, hizo ziwahi, uthibitisho utakuja. Karantini, kufunga mkoa, kuzuia watu wasizike ndugu zao, hapo dai karatasi.

Makadirio nayo ndo yanavyotukanwa. Tarehe 16 Machi 2020 watu wa Imperial College London walikadiria vifo 510,000 vya korona Uingereza, na wiki moja baadae nchi ikafungwa. Mpaka leo unakuta mtu anacheka "mbona hawakufa laki tano mwaka ule". Ndugu yangu, ile namba ilikuwa na "kama" mbele yake, kama hakuna kitakachofanyika kabisa. Wakafanya. Ukiona namba ya kutisha kwenye tamko tafuta hiyo "kama" kwanza, na ikiwa imekatwa kwenye skrinishoti basi tafuta tamko lenyewe zima, liwe na tarehe na sahihi. Tamko zima huwa kurasa mbili tu, haliishi bando.

Serikali ikibadilisha msimamo na ikakwambia "tumebadilisha kwa sababu tumepata hiki", hiyo naipa pointi. Ikibadilisha kimyakimya, au ikakomaa na jambo wakati kilichopimwa kimeshageuka, hapo ndo kelele zako zina kazi.

Turudi kwa shangazi. Siku ile ya skrinishoti mbili nilimjibu: shikamoo shangazi, hakuna muongo bado, mmoja anahesabu wanaoumwa na mwingine anahesabu majibu, subiri yafike mengine, ila usisubiri kunawa mikono na usishike maiti wala mgonjwa anayetapika damu, hayo hayahitaji maabara. Akaniambia sawa baba.

Machi waliposema mlipuko umeisha kwa kuwa siku 42 zimepita bila mgonjwa mpya, akanipigia. Kwa nini 42? Nikamwambia mtu akiambukizwa Marburg dalili zinaweza kuchelewa mpaka siku 21, sasa wanazidisha mara mbili kwa usalama, na wanaanza kuhesabu baada ya mgonjwa wa mwisho kufariki au kupona. Akanyamaza, nasikia karatasi za kalenda zinafunuliwa. Kumbe toka waliposema yule wa mwisho amefariki tarehe 28 Januari alikuwa anakata siku kwa peni nyekundu. "Mbona mimi za kwangu zimeisha juzi? Hizi mbili wamezipeleka wapi?"

Nikamwambia shangazi hiyo sasa waulize wenyewe Wizara, 199, simu ya bure. Akapiga kweli.